Kidole Kwenye Kitufe cha Foni

Kila siku, saa kumi na moja kasoro dakika tano za jioni, alitoka chumbani mwake akasimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha, kuzuia pikipiki. Hakujali nani yuko juu yake. Alimzuia mwuza mafuta ya mawese, alimzuia askari aliyekuwa anarudi kambini Kapalata, na siku moja alimzuia paroko wetu aliyekuwa anakimbia kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu.

"Zima, mon père," alisema.

"Kuna mtu anakufa," paroko akajibu.

"Na mi niko na vituo kumi na mbili mu hewa. Moto ya bujia ya injini yako inalia mu masikio yangu kama mahindi mu kikaango. Zima, sukuma mpaka pale kwa kona, halafu washa."

Paroko alisukuma. Kanzu yake ilishika matope. Mgonjwa, kwa neema ya Mungu, alimngoja.

Tulimwita Papa Foni. Foni ni ile redio ya kupeleka na kupokea sauti, ambayo misheni, zahanati na wafanyabiashara walitumia kuongea na vituo vya mtoni kabla simu hazijafika, na ambayo bado inatumika pale ambapo simu hazijafika. Yake ilikuwa mali ya mapadri, katika chumba kimoja nyuma ya ghala lao, hapa Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, mwendo mfupi kutoka bandarini. Waya wa antena ulifungwa kati ya michikichi miwili, na chini ya waya hakuruhusu mtu kuanika nguo.

Mimi ni katekista. Nimefundisha dini miaka mingi kwa watoto wanaotazama dirishani, na namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, hata wale wa dirishani. Watu husema nina subira. Lakini mtu huyu aliila subira yangu mpaka chungu kikabaki kitupu. Heri niseme mapema ili msomaji ajue ninakokwenda: kwa sababu ya kanuni yake moja, mdogo wangu wa kike, niliyebaki naye peke yake katika tumbo la mama yetu, hakuongea nami kwa miaka kumi na minne. Na yule mzee angeweza kuyamaliza kwa maneno ya dakika moja. Nilimwomba. Alikataa.

Hata hivyo sitamchora kama adui. Nilijifunza kwake mambo ambayo seminari ndogo haikunifundisha.

Ukutani mwake palikuwa na ubao mrefu kama mlango uliolazwa, alioupaka rangi mwenyewe. Aliuita avenue, yaani barabara. Kushoto kabisa aliweka mawimbi marefu yanayotambaa juu ya ardhi. Halafu yale ya foni. Halafu ya FM zinazopiga muziki mjini. Halafu televisheni, simu, sahani za setilaiti, joto la jiko. Kisha ukaja mstari mwembamba wa rangi za upinde wa mvua, upana wa kidole tu. Baada ya mstari ule, miale inayobabua ngozi, miale ya hospitali inayopiga picha za mifupa, na mwisho kabisa, kwa rangi nyeusi, miale ya madini mabaya.

"Yote iko kitu kimoja," alikuwa akisema, akipitisha fimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mwanga ya jua na foni yangu ni bandugu, baba moja, mama moja. Tofauti ni namna gani kila mutu anatetemeka. Huyu wa foni, mara milioni saba kwa sekunde moja. Huyu wa hospitali, hesabu inashinda kinywa. Na kila mutu na parcelle yake. Ukijenga mu parcelle ya jirani, ni vita."

Halafu alirudisha fimbo kwenye ule mstari wa upana wa kidole.

"Macho yenu inaona hii tu. Mu avenue mzima, Katekista, parcelle moja tu. Alafu mutu anasema: sijaona, haiko."

Kwa hilo nilimshukuru na bado namshukuru. Mtoto akiniuliza Mungu aliwezaje kuumba vitu visivyoonekana, namchorea avenue ya Papa Foni kwa chaki. Wananielewa kuliko nilivyowahi kueleweka.

Kuhusu parcelles, yaani viwanja vya watu, hakuwa na mzaha. Mhubiri mmoja wa Mangobo alisimamisha mtambo wake mdogo wa redio, ukamwagika juu ya redio ya jirani, na Jumapili nzima watu wakasikia mahubiri ndani ya matangazo ya mchezo wa mpira. Papa Foni alitembea mpaka kule na kiredio chake cha betri mkononi, akaingia ibada ikiendelea, akangoja amina ya mwisho.

"Pasteur," akasema, "Roho haiko na parcelle. Mtambo yako iko nayo. Shusha nguvu."

Mhubiri akasema ni wivu wa Wakatoliki. Papa Foni akamjibu kwamba mawimbi hayajabatizwa. Wiki ile ile mtambo ukarekebishwa, na yeye ndiye aliyekwenda na bisibisi.

Watu wa mji walimwona mkali kwa sababu ya kanuni zake, na nilikuwa wa kwanza kuzichoka. Ilikuwa dakika tatu kwa kila mtu. Mwishoni mwa kila maneno useme "à vous", yaani sasa zamu yako, na usiposema, mwenzako hakujibu. Usipige kelele. Wamama wenye watoto Yangambi walipiga kelele sana, wakiinama juu ya kipaza sauti kana kwamba wanavusha maneno mto kwa mikono.

"Mama," aliwaambia, "juu ya nini unachoka? Si wewe inasukuma. Ni betri."

Na kanuni iliyowaudhi wengi: hakuna mtu aliyegusa kitufe. Kipaza sauti cha foni kina kitufe ubavuni. Ukikibonyeza unaongea, ukikiacha unasikiliza. Kwingine kote mtu alishika mwenyewe. Kwa Papa Foni, wewe uliweka mdomo, yeye aliweka kidole. Ulijiona kama mtoto anayelishwa uji. Ukiteleza ukataja ugomvi wa ndoa au deni la mtu, kidole kiliinuka, na maneno yako yakafia chumbani.

Kwa sababu foni si simu. Saa ya vakasio, yaani ile saa vituo vyote vinapofungua mitambo pamoja, kila kituo kinasikia kila kitu. Ukimwambia mumeo aliye Isangi kwamba una mimba, opereta wa Yangambi anakohoa. Wafanyabiashara wa samaki walisema bei kwa mafumbo. Sisi tuliokuwa na ndugu mtoni tuliongea kama watu walioketi kwenye veranda ya mtu mwingine.

Alipenda maneno mafupi. Ya wengine. Yeye mwenyewe, ukimkuta na sahani ya lituma, zile ndizi za kutwanga, na samaki, angekushika mpaka chakula kipoe akikueleza juu ya dari.

"Kule juu kabisa, kupita mawingu, jua inajenga dari. Wimbi ya foni inapanda, inagonga dari, inarudi chini kwa batu. Mchana dari iko nguvu: unatumia saba. Jua ikishuka, dari inalegea: unashuka kwa nne." Saba na nne zilikuwa masafa yake mawili, megahezi saba na megahezi nne, na aliyataja kama watu wanavyotaja ng'ombe wao. "Ukichelewa kushuka, Katekista, unajua inakuwa nini? Saba inapita juu ya kichwa ya batu ba karibu, inaenda kuanguka mbali. Mbandaka anakusikia kama mnakula naye meza moja. Yangambi, hapa tu, hasikii kitu. Iko batu ba karibu wimbi inabaruka."

Nilicheka aliponiambia hivyo mara ya kwanza. Sikucheka tena.

Mama yetu alifariki Jumanne asubuhi, baada ya kuugua siku mbili. Mdogo wangu alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja chini ya Isangi, ukiacha mto mkubwa na kuingia mto mdogo, mahali ambapo simu haijafika mpaka leo. Nilipanda toleka nikamwambia kijana wa baiskeli akanyage bila kuhurumia mnyororo. Papa Foni alinifungulia kabla ya saa ya vakasio, jambo ambalo hakulifanya kwa wengi.

"Nataka kumwambia Mama amekufa," nikasema.

Alivua koti lake, akaniwekea kiti, akaniletea maji. Halafu akasema: "Hapana."

"Papa, ni mama yetu."

"Nimesikia. Pole, pole sana. Lakini kifo haipite mu hewa yangu. Utasema: Mama anakuhitaji, panda boti ya kwanza. Akifika bandarini, mtakuwa pale, mtamushika mikono, mtamwambia."

"Na asipoharakisha?"

"Ongea na sauti ya kawaida. Ukilia, nakata."

Nilikuwa nimezoea kutii. Ni malezi yangu, nayo yamenisaidia mara nyingi. Siku ile hayakunisaidia. Alibonyeza, nikaongea na sauti ya kawaida. Mdogo wangu akajibu, sauti yake ikipanda na kushuka, akiniita Yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Ni ile presha, Yaya? Alimeza dawa? À vous."

Nikamtazama Papa Foni. Akatikisa kichwa.

"Njoo tu," nikasema. "Boti ya kwanza. À vous."

"Ya leo imeshapita. Na hapa niko na wamama wawili wa kuzaa, moja mtoto amekaa vibaya. Nitakuja na ya wiki kesho. Mwambie asikule chumvi. À vous."

"Nitamwambia," nikasema.

Mama alikuwa amelala nyumbani, wanawake wakimfunga kidevu, na mimi nikasema nitamwambia. Tulizika siku ya pili yake, maana joto letu halingoji mtu.

Alifika siku ya nane, na kikapu cha samaki wa kukaushwa na pakiti tatu za dawa za presha. Tulikwenda bandarini kumpokea kama Papa Foni alivyoagiza, lakini boti ilikuwa imewahi, akashuka, akapanda toleka, tukapishana njiani. Aliingia kwenye parcelle akiita "Mama" kwa sauti ya mtu aliyeleta kitu. Akaikuta mikeka ya matanga imekunjwa.

Tulipofika alikuwa chumbani kwa Mama, amefungua sanduku lake la nguo. Lilikuwa tupu, wamama wa ukoo walikwisha kugawana vitambaa. Alilitazama muda mrefu, akalifunga. Niliona anavyolitazama, sikuelewa. Nikaanza kumweleza juu ya foni, kanuni, kidole. Alininyamazisha kwa mkono.

"Uliongea na mimi wewe mwenyewe," akasema. "Nilisikia sauti yako. Uliongea kama mtu ameshiba."

Alilala siku mbili. Ya tatu aliondoka bila kuaga.

Nilimwandikia barua kwa kila boti iliyokuwa na mtu ninayemwamini. Ilirudi barua moja tu ya jibu, mistari miwili kwenye karatasi ya zahanati: Kama ni mzee wa foni aliyekuzuia, aseme yeye mwenyewe. Wewe nilishakusikia.

Basi nikaipeleka kwa Papa Foni. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Sema naye," nikamwomba. "Kesho, kwenye vakasio. Dakika tatu."

"Mambo ya familia, batu kumi na mbili banasikiliza? Hapana."

"Basi andika."

"Mi naandika saa na nambari."

Na kweli, madaftari yake yote yalikuwa hivyo: saa, masafa, kituo, nguvu ya sauti kutoka moja hadi tano. Yalijaza rafu mbili. Sikuwahi kuona sentensi ndani yake.

Nilirudi mwaka uliofuata. Nilirudi tena. Nilisali novena kwa ajili ya moyo wake, na baadaye, paroko aliponishauri, kwa ajili ya moyo wangu. Kila nilipomwita mdogo wangu kwenye vakasio, opereta wa kule alijibu kwamba eko na kazi. Nilisikia aibu katika sauti yake; alikuwa kijana mwema na hakupenda kusema uongo mbele ya vituo kumi na mbili.

Mara moja tu nilipandisha sauti mbele ya Papa Foni. Nilimwambia kwamba anajua jinsi ya kuvusha neno juu ya msitu wote huu, mpaka Mbandaka, mpaka Kinshasa akitaka, na neno moja, lile lililokuwa la lazima, alilikalia kama kuku. Nilitegemea anitoe nje. Aliketi.

"Mi nilianza kwa kituo ya mbali," akasema. "Si hapa. Siku ile familia moja ilikuwa inatangaza mazishi, sauti ya juu, kila mutu anasikia. Mu kituo ingine kulikuwa mama moja, amekuja kusalimia bwana yake tu. Eko na kipaza sauti mu mkono, anangoja zamu yake. Akasikia jina ya mtoto wake. Ule wa mazishi."

Akaunyoosha waya wa kipaza sauti juu ya meza.

"Alianguka na kipaza sauti. Mkono ikajifunga juu ya kitufe. Unajua, Katekista, kitufe ikibonyezwa, masafa yote iko yake, hakuna mutu mwingine anaweza kuingia. Tulimusikia. Batu bote mu mto. Tulitaka kumwambia pole, tulitaka kuita jirani yake aingie mule ndani amushike. Hakuna njia. Tulimusikia mpaka betri ikakufa."

Nilielewa basi kwa nini kidole kilikuwa chake daima. Ilikuwa sababu nzuri. Nilirudi nyumbani nikiwa na sababu nzuri mkononi, na mdogo wangu bado hakuongea nami.

Tena sikuweza hata kumwita mtu asiye na huruma, jambo ambalo lingenipumzisha. Kituo chochote kilipoleta ujumbe wa "Baba anawahitaji", yeye mwenyewe, baada ya vakasio, alivaa koti lake lile lile na kwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa wenyewe, Tshopo, Kabondo, popote. Aliketi. Aliuliza nani yuko ndani, akaomba waitwe wote. Ndipo alisema. Nilimwona akirudi katika mvua, viatu mkononi.

"Na kule kwa mdogo wangu," nilimwuliza siku moja, "nani alikuwepo wa kuvaa koti?"

Hakuwa na kanuni kwa swali lile, na nadhani alinichukia kidogo kwa kuliuliza.

Mwaka huu sahani nyeupe ikawekwa juu ya paa la ghala. Ofisi ya mapadri ina intaneti sasa. Vituo vya mtoni vitapata yao kimoja kimoja, na kile cha mdogo wangu kiko mwishoni mwa orodha. Papa Foni akaambiwa kwamba Jumatatu waya utashushwa. Jumamosi iliyotangulia nilikwenda kumwomba kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu kama mahubiri.

Nilimkuta njiani, mikono ameinyoosha, mbele ya kijana wa pikipiki.

"Mzee, si umeambiwa unafunga?" kijana akasema.

"Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Zima."

Amezeeka. Sikio la kulia limekufa, amelichosha kwa miaka ya vifaa vya kusikilizia; anageuza kichwa upande kama ndege. Aliketi mbele ya mtambo, akafungua saba, akaanza kuita vituo. Nilidhani ataita haraka. Akaita kimoja kimoja, na kila kimoja kikataka kuaga, na kila kimoja alikipa dakika tatu zake kamili kwa saa ya ukutani. Wa Yangambi alimsimulia juu ya mvua. Wa Isangi alitaka kujua ataweka wapi mtambo. Mmoja aliimba ubeti wa wimbo wa kanisa, naye akangoja mpaka mwisho, akaandika daftarini: nguvu nne. Jua lilikuwa limefika kwenye dirisha la magharibi. Nilikaa nyuma yake nikishika kofia.

"Papa," nikasema, "saba itakufa."

"Najua saa ya saba kufa kuliko wewe."

Halafu akaita zahanati ya mdogo wangu, ya mwisho kabisa. Opereta alijibu kwa mbali, sauti nyembamba.

"Niitie mama infirmière. À vous."

"Eko na kazi, Papa. À vous."

"Mwambie si kaka yake anaita. Ni mi. À vous."

Tulingoja. Alitoa kitambaa mfukoni akapangusa kipaza sauti, taratibu, kama padri anavyopangusa kikombe. Sauti ikasema mama amekuja. Papa Foni akabonyeza.

"Mama infirmière, mi ni opereta wa Kisangani. Siku ile kaka yako alikuita, mama yenu alikuwa amekufa toka asubuhi. Kaka yako alitaka kusema. Mi nilikatala. Mi nilimwambia aongee na sauti ya kawaida. Ulipouliza dawa, alinitazama, mi nilitikisa kichwa. Na ile chumvi…"

Alinyamaza, lakini kidole hakikuinuka. Nilijua kwamba kimya chake kinapanda, kinagonga dari, kinashuka juu ya vituo vyote.

"Ile chumvi, mi niliisikia vilevile. Naisikia mpaka leo. Vituo vyote vimesikia sasa, na ni sawa. À vous."

Akaachia. Ikabaki sauti ya hewa tu, kama mafuta yanayokaangwa na hakuna kitu ndani. Akaita tena. Hewa. Jua lilikuwa limekwenda. Nikafikiri: miaka kumi na minne, na leo ameimaliza saba kwa mvua ya Yangambi.

Ghafla mtu akaingia, wazi kabisa, kana kwamba ameketi nasi.

"Kisangani, hapa Mbandaka. Zahanati haikusikii tena, lakini mi ninasikia wewe na mama infirmière, na yeye ananisikia. Alipata maneno yako mpaka kwa chumvi. Nyingine nimemwambia mi. Pole, Papa. Anasema mushuke nne. À vous."

Mtu wa Mbandaka hatukuwahi kumwona. Papa Foni alimshukuru, akageuza swichi, akashuka nne. Huko radi za msitu zilikuwa zinapasuka, na taa ya betri ilikuwa imegeuka nyekundu. Akaita. Halafu ikaja sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu sanduku lilipofungwa. Ilikuwa imezeeka.

"Nimesikia," ikasema. Radi ikapita. "Nimesikia, Papa. Nataka kuuliza Yaya kitu kimoja. Mama mlimuzika na kitenge gani? Ile ya buluu, ya ndege, niliyomununulia na mshahara yangu ya kwanza, alikuwa anaiwekea siku kubwa. Sanduku ilikuwa tupu. Mi nilifikiri tantine mmoja wa ukoo ameichukua. À vous."

Kumbe ndicho alichokuwa anatafuta mle ndani.

Nikainama, nikaweka mdomo mbele ya kipaza sauti kama siku zote, nikingoja kidole chake. Hakikuja. Papa Foni alinyoosha mkono, akanipa kipaza sauti chote, kizito, bado kina joto lake. Akaegemea kiti, akanigeuzia sikio lake zima.

Nikabonyeza.

"Na kile chako," nikasema. "Cha buluu, cha ndege. Nilimfunika mimi mwenyewe, kutoka miguu mpaka kidevuni." Nilitaka kusema zaidi, nilikuwa na barua zote kichwani, lakini sauti haikuwa ya kawaida tena, na yale mengine yakatoka bila maneno, nikijua kwamba mto mzima unanisikia na bila kujali.

Hakukata. Taa nyekundu ilikuwa inafifia. Ndipo nikahisi mkono wake mkavu juu ya mkono wangu: nilikuwa bado nimebonyeza, nimekaza ngumi. Alikishika kidole changu, akakiinua polepole, ili na mdogo wangu aweze kusema.